Umeisikia Honi, Mwenye Honi Hujamwona

Hotuba hii ilitolewa kwa manahodha, wavuvi na wenye maboti ya abiria katika mwalo wa Kasenyi, wilaya ya Wakiso. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliokuwa ziwani siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wa mwalo, manahodha, wavuvi, akina mama mnaovuka kila wiki na mizigo yenu kwenda visiwani, afande mliotoka kituo cha polisi wa majini, bassebo ne bannyabo: hamjambo? Naona nyuso za watu waliokesha wakivua mukene. Wenye usingizi wakae hapa mbele, karibu nami. Nimekuja na honi.

Leo nina jambo moja tu: sauti zinazopigwa na vyombo pale macho yanaposhindwa kazi. Ukungu wa alfajiri. Mvua inayofunga ziwa mpaka huoni mbele ya boti yako mwenyewe. Wingu la sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, linalopita juu ya maji na kumlazimu nahodha afumbe macho na mdomo. Ziko Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977. Zinapoeleza hali ya kutoona vizuri, zinataja ukungu, theluji, mvua kubwa, dhoruba ya mchanga, kisha zinaongeza: na sababu nyingine zinazofanana na hizo. Waliozitunga sidhani kama waliwahi kuwameza sami wetu, lakini mlango waliuacha wazi na sami wamepita. Theluji tuwaachie watu wa Rwenzori.

Mtu ataniambia: mwalimu, hizo ni kanuni za bahari, na sisi Uganda bahari tumeitoa wapi? Ni swali la haki. Kanuni ya kwanza kabisa inasema zinatumika baharini na kwenye maji yaliyounganika na bahari ambayo meli za baharini zinaweza kupita. Maji yetu yanakwenda baharini kwa Nile, kweli, lakini bado haijazaliwa meli itakayopanda kutoka Misri ikaruka mabwawa na maporomoko mpaka Jinja. Kwa hiyo sisi tuna sheria zetu, ikiwemo ile ya uchukuzi wa majini ya mwaka 2021. Lakini lugha ya honi ni moja. Nahodha wa Mwanza, wa Kisumu na wa Port Bell wote wamesomea lugha hiyo hiyo. Meli ya mafuta ikitoka Kisumu ikakupigia honi ndani ya ukungu, haitakupigia kwa Luganda wala kwa Dholuo. Itakupigia kwa lugha ya bahari. Je, utaielewa?

Na wapo wanaosema: ziwa lote hili, nitagongana na nani? Ni kweli, ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800. Lakini kumbukeni tarehe 8 Mei 2005. MV Kabalega na MV Kaawa, meli mbili za Uganda zilizobeba mabehewa ya reli, meli za aina moja, ziligongana kusini-mashariki mwa visiwa vya Ssese, na Kabalega ikazama. Ziwa lote hili! Meli kama hizo zilikuwa chache kiasi kwamba kila mtoto wa Port Bell alizijua kwa majina, na bado mbili kati yake zilikutana pale pale. Kwa nini? Kwa sababu hatutembei ziwa zima. Tunatoka bandari zile zile, tunazunguka visiwa vile vile, tunalenga taa zile zile. Anayekwenda anachora mstari, anayerudi anachora mstari huo huo.

Sasa tuingie kwenye sauti zenyewe. Msiandike. Nataka masikio.

Kuna milio miwili tu, mfupi na mrefu. Mfupi ni kama sekunde moja. Mrefu ni sekunde nne mpaka sita. Sekunde nne ni nyingi kuliko mnavyodhani. Hesabuni nami: moja Kampala, mbili Kampala, tatu Kampala, nne Kampala. Hapo ndipo mlio mrefu unapoanza kuhesabika kuwa mrefu. Wengi wenu mnagusa honi "pii" kisha mnaambiana mmepiga. Ule ni mfupi, na mfupi una maana nyingine kabisa.

Chombo cha injini kinachotembea ndani ya ukungu kinapiga mlio mmoja mrefu, na kisikae zaidi ya dakika mbili bila kuupiga tena. Maana yake: nipo, natembea.

Chombo cha injini ambacho hakijatia nanga lakini kimesimama, hakisogei kabisa majini, kinapiga miwili mirefu, katikati wakiacha kama sekunde mbili. Maana yake: nipo, nimesimama. Na hapa niwaombe uangalifu. Kuzima injini si kusimama. Boti iliyojaa magunia ya mkaa ukiizima inaendelea kuteleza mbali sana. Mpaka ifie kabisa majini, wewe bado ni wa mlio mmoja. Ukipiga miwili huku unateleza, umemdanganya mwenzako kuhusu jambo lile lile alilohitaji kulijua.

Wa tatu ndio wenu zaidi, wavuvi: mmoja mrefu, miwili mifupi. Tuseme wote. Ndeeefu, fupi, fupi. Tena! Ndeeefu, fupi, fupi. Huu ni mlio wa wote ambao hawawezi kukupisha kwa urahisi: mvuvi mwenye nyavu majini, mwenye tanga, anayevuta chombo kingine, aliyeharibikiwa hawezi kuongoza, anayefanya kazi inayomzuia kugeuka. Ukiusikia, usikae ukasubiri huyo akupishe. Na mvuvi anayevua huku ametia nanga habadilishi, anapiga huo huo. Akili ya kanuni hapa naipenda: haimwulizi mvuvi ana shida gani, inamtaka aseme tu kwamba hawezi kukimbia.

Aliyetia nanga bila kuvua hapigi honi, anapiga kengele, haraka haraka kwa sekunde tano, kila dakika isipite. Meli ya mita 100 na zaidi inapiga kengele mbele, halafu upatu, ile sahani ya chuma inayogongwa, nyuma. Ukisikia kengele kushoto na upatu kulia, usidhani ni meli mbili na katikati kuna njia. Ni meli moja, na wewe unalenga tumbo lake. Anayevutwa, kama ana watu ndani, anapiga mmoja mrefu na mitatu mifupi baada tu ya anayemvuta. Aliyekwama mwambani ana kengele yake pia, na hiyo mtaifanyia mazoezi na vijana wangu baadaye.

Moja zaidi kabla sijaendelea. Honi ikipigwa bila kukoma, mfululizo, ndani ya ukungu au nje yake, hiyo ni ishara ya kuomba msaada. Mjini Kampala honi ni salamu, ni tusi, ni kumwita abiria, ni kumwambia wa mbele taa imeshakuwa kijani tangu jana. Ziwani ukiilalia honi mfululizo umesema: tunakufa, njooni. Nimewahi kuona boti iliyobeba watu wa harusi ikifanya hivyo kutoka kisiwani mpaka mwaloni. Siku watakapozama kweli, nani atakimbia?

Hizo ndizo sauti. Mtoto wa darasa la nne anazishika kwa siku moja. Ugumu hauko hapo. Ugumu uko kwa anayesikia.

Nataka niwapeleke mbali kidogo, Kanada, kwenye mto wa Saint Lawrence, usiku wa tarehe 29 Mei 1914. Meli ya abiria, Empress of Ireland, imetoka Quebec inakwenda Liverpool, watu 1,477 ndani yake. Inakutana na meli ya Norway iliyobeba makaa ya mawe, Storstad. Usiku ulikuwa mwema. Waliona taa za wenzao kutoka mbali. Kila mmoja alishajua, moyoni mwake, watapishanaje. Kisha ukungu ukashuka kutoka nchi kavu ukaingia katikati yao.

Sikilizeni alichofanya nahodha wa Empress, jina lake Henry Kendall. Alirudisha injini nyuma, akapiga mitatu mifupi kusema hivyo. Halafu, alipoona meli imesimama, akapiga miwili mirefu: nimesimama. Na Storstad walisikia! Walisikia, wakajibu kwa honi yao. Hakuna aliyekuwa bubu usiku ule, hakuna aliyekuwa kiziwi. Honi zilifanya kazi, masikio yalifanya kazi.

Tatizo ni kwamba ndani ya ukungu kila mmoja aliendelea kuiona picha ya zamani. Kendall aliamini watapishana kulia kwa kulia. Storstad waliamini kushoto kwa kushoto. Kila honi iliyosikika iliwekwa ndani ya picha iliyokuwa tayari kichwani, na ndani ya ukungu ule Storstad ikageuka kulia. Ilipoiona tena Empress ilikuwa karibu mno, ikaipiga ubavuni, upande wa kulia. Karibu saa nane usiku, watu wamelala. Dakika 14, meli iko chini. Watu 1,012 walikufa. Tume ya uchunguzi ikaongozwa na Lord Mersey, yule yule aliyechunguza Titanic, na ikailaumu Storstad kwa kubadili mwelekeo ndani ya ukungu.

Ndugu zangu, waliambiana nini kwa honi zile? Waliambiana "nipo". Waliambiana "nimesimama". Hakuna honi iliyosema "niko hapa, kwenye pembe hii, umbali huu". Honi haina maneno hayo. Haikuwa nayo mwaka 1914 na haina leo. Masikio yako ndiyo yanayokutungia.

Ndiyo maana kanuni za sasa zimeweka ile milio ya kugeuka, yaani mmoja mfupi nageuka kulia, miwili nageuka kushoto, mitatu narudisha injini nyuma, kwa ajili ya vyombo vinavyoonana kwa macho. Vinavyoonana! Ndani ya ukungu usimpigie mtu mmoja mfupi ukadhani umemwonyesha njia. Kulia kwako wewe, yeye anajua umeelekea wapi?

Mnataka kujua sauti inavyodanganya? Mwaka 1873 mwanasayansi John Tyndall alikwenda South Foreland, pwani ya Uingereza karibu na Dover, kuwapimia watu wa minara ya taa honi zao, ving'ora na mizinga. Wakati ule watu waliamini ukungu unaila sauti, na siku angavu ndiyo siku ya kusikika mbali. Tyndall akatoka na boti kila namna ya hali ya hewa. Siku moja angavu, bahari imetulia, jua linawaka, honi kubwa ikapotea baada ya maili chache tu. Siku nyingine, yenye ukungu mzito, ikasikika mbali kuliko hapo. Kumbe ukungu wenyewe si adui mkubwa wa sauti. Adui ni hewa yenyewe: tabaka la baridi juu ya tabaka la joto, upepo wa juu unaokimbia kuliko wa chini. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo inapinda kwenda juu, inakupita juu ya kichwa, na wewe chini umebaki kwenye kimya. Inayokwenda na upepo inapindishwa chini, inakufikia hata kutoka mbali.

Hamjaona jambo hilo hapa? Alfajiri umekaa ufukweni, unasikia wavuvi wawili wanagombania sigara, unawasikia neno kwa neno, ukitazama hata boti yao huioni vizuri. Saa nane mchana mtu yuko nusu ya umbali huo anakuita, husikii kitu. Sasa ongeza visiwa. Honi inagonga mwamba wa kisiwa inarudi, na wewe unaapa kwamba meli iko upande wa kisiwa. Ongeza pia kwamba meli kubwa kanuni zinaitaka iwe na honi nzito, na sauti nzito sikio linapata shida zaidi kuijua inatoka wapi.

Kwa hiyo nimewazoesha wanafunzi wangu kitu kimoja, na nawaomba mkichukue. Honi ikisikika ukunguni, watu watatu ndani ya boti wafumbe macho, na ikisikika tena kila mmoja anyooshe kidole bila kuongea. Kisha fungueni macho. Vidole vikielekea pamoja, vizuri, mna dokezo. Vikielekea pande tatu, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, sasa mnajua jinsi msivyojua, na hakuna nahodha atakayegeuza usukani kwa kidole chake peke yake.

Basi tufanye nini tukiisikia? Kanuni ya 19 haina maneno mengi. Tembea kwa mwendo salama unaolingana na hali, injini iwe tayari kubadilishwa papo hapo. Ukisikia honi ya ukungu inayoonekana kutoka mbele yako, na huna uhakika kwamba hakuna hatari ya kugongana, punguza mwendo mpaka ule wa chini kabisa unaokuwezesha kushika usukani. Ikibidi, simama kabisa. Kisha endelea kwa uangalifu mkubwa mpaka hatari ipite. Haisemi geuka. Haisemi kimbia umtangulie. Inasema punguza, na ikibidi simama.

Tupige hesabu kidogo, wale wa biashara mtanisaidia. Honi ya chombo kisichofika mita 20 inatarajiwa kusikika nusu maili ya baharini, yaani kama mita 900, hali ikiwa njema. Wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa, feri inakuja kilomita 20 kwa saa. Mnakaribiana kwa 40. Hiyo ni mita 11 kila sekunde. Mita 900 zinaisha kwa sekunde ngapi? Hazifiki 85. Na kanuni imekupa mpaka dakika mbili kati ya honi na honi. Maana yake unaweza kupiga honi yako, ukanyamaza muda wote ulioruhusiwa, na ndani ya kimya hicho cha halali mkagongana. Dakika mbili ni kikomo, si ratiba. Na mwendo ule ule wa siku ya jua haufai, hata ukipiga honi mpaka mdomo uvimbe.

Halafu kuna injini. Mnanisamehe, lakini nahodha aliyekaa nyuma, mkono kwenye injini ya farasi 40 inayonguruma sentimita chache kutoka sikioni, anasikia nini? Anasikia injini. Kanuni ya 5 inadai kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia kwa macho na kwa masikio, wakati wote. Kwa boti zetu maana yake ni mbili. Mweke kijana mbele kabisa, mbali na injini, asiye na simu mkononi. Na kila baada ya dakika chache, zima au punguza injini kabisa, piga honi yako, halafu nyamazeni. Abiria wanyamaze. Redio izimwe. Yule mhubiri aliyeanza kuhubiri tangu mwaloni aambiwe Mungu anasikia hata kimoyomoyo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kisiwa cha Bukasa niliyesafiri naye nikiwa kijana. Asubuhi za ukungu alizima injini kila mara, akainua mkono, boti nzima kimya. Abiria walimtukana. Wenye samaki walimwambia barafu inayeyuka, soko halimsubiri mtu. Asubuhi moja alizima, tukanyamaza, na hatukusikia honi yoyote. Tulisikia maji. Maji yanayopasuliwa na kitu kizito, karibu. Hakuwasha. Alitupa nafasi ya kukaa kimya tu, akapuliza filimbi yake mara mbili ndefu, na chombo kile kikapita mbele yetu, hakina honi, hakina kengele, hakina hata mtu aliyeonekana kusimama mbele. Tulipofika mwaloni waliokuwa wamemtukana ndio waliomnunulia chai, na mayai mawili juu.

Kuna neno moja kwenye kanuni ambalo watu hulisoma haraka. Kanuni ya 35, ile ya honi za ukungu, haisemi tu "ndani ya" eneo lisiloonekana vizuri. Inasema ndani yake au karibu nalo, mchana au usiku. Karibu nalo! Kwa nini wamwamrishe kupiga honi mtu ambaye yuko nje, kwenye anga safi, anayeona kila kitu?

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, kusini mwa kisiwa cha Nantucket, Marekani. Andrea Doria ya Italia inakaribia New York, imo ndani ya ukungu, inapiga honi kama inavyotakiwa. Lakini inakwenda karibu kilomita 40 kwa saa. Ilipunguza mwendo kidogo tu, kwa sababu ratiba ni ratiba. Kutoka upande wa pili inakuja Stockholm ya Sweden, imetoka New York. Stockholm iko kwenye usiku ulio wazi, au hivyo ndivyo waliokuwa kwenye usukani walivyoamini. Basi haipigi honi ya ukungu. Kwa nini ipige? Inaona nyota.

Meli zote mbili zilikuwa na rada. Kila moja iliiona nyingine kwenye rada. Waliokuwa Andrea Doria walitega masikio wasisikie kitu, na walitarajia wangesikia. Zilipotokeana machoni ilikuwa kuchelewa. Moja ikageuka kulia, nyingine kushoto, na pua ya Stockholm ikaingia ubavuni mwa Andrea Doria. Watu 51 walikufa. Asubuhi iliyofuata Andrea Doria ikazama. Zaidi ya watu 1,600 waliokolewa, kwa sababu bahari ilikuwa tulivu na meli nyingine zilikuwa karibu.

Mnaona sababu ya neno "karibu"? Aliye nje ya ukungu anaona, lakini haonekani. Ukiwa nje, umeona ukuta wa mvua unatoka upande wa Kome, unajisemea: mimi niko juani. Lakini ndani ya ukuta ule yuko mtu anayekuja kwako kipofu, na kitu pekee kinachoweza kumfikia ni sauti yako. Anza kupiga kabla mvua haijakufikia. Na wenye simu zenye ramani na wenye GPS, nawapenda, lakini ramani ya simu inakuonyesha wewe na kisiwa. Haikuonyeshi mtumbwi.

Nimeshasikia mnong'ono huko nyuma kuhusu pesa. Mwenye boti mmoja, sitamtaja na hayuko hapa, aliniambia honi ni ya meli, boti yake ya mita tisa haihusiki. Nusu yake ni kweli. Chombo kisichofika mita 12 hakilazimiki kuwa na honi ya kipimo kama ya meli. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema lazima kiwe na kitu kingine cha kutoa sauti inayofaa, na katika ukungu kiitoe isipite dakika mbili. Kinachofaa ni nini? Honi ya kupuliza kwa mdomo, ile ya plastiki, haihitaji gesi wala betri. Honi ya kopo la gesi ina sauti kubwa, ila likiisha limeisha, na hewa ya ziwa inalipa kutu mapema. Filimbi isiyo na kipira ndani ni bora kuliko yenye kipira, kwa sababu kipira kikilowa kinaganda. Aliyetia nanga hana kengele, apige chuma kwa chuma, debe kwa nondo, lakini apige. Na kifungwe kwa kamba mahali mkono wa nahodha unafika gizani. Honi iliyo chini ya magunia ya mihogo ni mzigo kama mihogo.

Nafikiri swali la nani anunue lijibiwe hapa hapa na wenye maboti, mbele ya abiria wao, si mbele yangu. Mwenyekiti ameshaniambia atawapa nafasi.

Sasa simameni. Maboti matatu yako majini yanawasubiri. Wa kwanza watakwenda nyuma ya kile kisiwa kidogo na honi ya mdomo, wa pili na filimbi, wa tatu na debe. Tutakaobaki ufukweni tutafumba macho na kunyoosha vidole. Upepo unatoka ziwani, kwa hiyo leo tutawasikia vizuri. Jioni ukigeuka tutarudia, mjionee wenyewe tofauti. Wavuvi, mkifika kule mlio wenu ni upi? Ndeeefu, fupi, fupi. Haya, nendeni. Na huyo mwenye simu, iache kwa mama mwenye chapati.